Kompyuta Ndogo ya Kikundi Ikikataa: Tafuteni Ugonjwa Kabla ya Kufuta



Jumamosi moja tulikusanyika katika chumba chetu cha mikutano ili tusome orodha ya waliopata miche. Nilifungua simu, nikaingia katika ukurasa wa habari wa kikundi, nikakuta mstari mmoja tu wa Kiingereza: "Error establishing a database connection." Maana yake ni kwamba programu imeshindwa kufika katika hifadhidata, yaani lile ghala ambamo maandishi yote huwekwa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa fundi. Watu wananitazama, nami naona aibu. Nikasema, "Hii ni kazi ndogo, nitaiweka upya." Nikachomoa kadi, nikaifuta, nikaanza mwanzo. Kufikia jioni ukurasa ulikuwa unafunguka vizuri kabisa. Lakini ulikuwa mtupu. Miezi minane ya maandishi ilikuwa imekwenda: taarifa za mikutano, picha za kitalu, orodha ya miche. Mama mmoja akauliza, "Sasa tutajuaje nani alishapata na nani bado?" Hakuna aliyejibu.

Miezi mitatu baadaye maneno yale yale yakatokea tena. Safari hii sikugusa kadi. Nilitazama kwanza. Nikakuta kadi imejaa pomoni, kwa sababu kijana wetu mmoja alikuwa amehifadhi humo video za harusi. Tulizihamisha, tukawasha hifadhidata, na ukurasa ukarudi na kila kitu chake. Kama mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa huo huo, sitajua kamwe. Niliufuta ushahidi pamoja na maandishi.

Makala hii ni kwa ajili ya vikundi vinavyotaka kuweka ukurasa wa habari katika kompyuta yao wenyewe, au ambavyo tayari vimeweka na sasa umekataa. Jambo kubwa ni moja: tafuteni palipokatika kabla ya kufuta chochote.

KOMPYUTA HII NI KITU GANI?

Tunazungumza juu ya Raspberry Pi. Ni kompyuta kamili iliyo juu ya bodi moja, ukubwa wake karibu sawa na kadi ya benki. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, na waliobuni walikuwa watu wa Cambridge, Uingereza, waliotaka vijana wapate kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia. Haina diski ndani. Kila kitu chake hukaa katika memori kadi ndogo kama ile ya simu. Mifano mingi ya hapa inahusu Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019.

Programu ya kuandikia habari ni WordPress. Ilianza mwaka 2003 na haiuzwi. Mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia. Lakini WordPress haifanyi kazi peke yake. Inahitaji wenzake watatu:

- Apache, ambaye ni kama mtu wa mapokezi. Simu ikiomba ukurasa, yeye ndiye anayepokea na kujibu.
- PHP, ambaye ni mpishi. Anachukua maandishi na kuyaandaa yawe ukurasa.
- MariaDB, ambaye ni mtunza ghala. Yeye ndiye anayeshika hifadhidata.

Faida yake kwa kijiji ni hii: kompyuta ikiunganishwa na rauta ya waifai iliyo chumbani, mwanachama yeyote aliye karibu anasoma habari kwa simu yake bila kutumia bando. Hata intaneti ikikosekana, ukurasa bado upo, kwa maana umo chumbani humo humo.

TAZAMENI KUTOKA CHINI KWENDA JUU

Maji yasipotoka bombani, mtu mwenye akili haanzi kwa kuvunja bomba. Anatazama tangi kama lina maji, kisha anafuata mpira, kisha koki, na mwisho bomba lenyewe. Kompyuta ni hivyo hivyo. Stima iko chini kabisa. Juu yake iko kadi, kisha mtandao, kisha Apache na PHP, kisha MariaDB, na juu kabisa WordPress. Cha chini kikiharibika, vya juu vyote vitalalamika, hata kama vyenyewe ni vizima. Ndiyo maana mstari unaoonekana kwenye simu mara nyingi hautaji ugonjwa wenyewe.

Shikeni kanuni tatu. Kwanza, badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, halafu mjaribu. Pili, andikeni katika daftari mlichobadilisha. Tatu, msifute faili. Ipeni jina jingine ili iweze kurudi.

Ili kuiuliza kompyuta maswali, unganisheni kibodi na televisheni yenye tundu la HDMI. Raspberry Pi 4 ina tundu dogo la micro HDMI, kwa hiyo waya wa kawaida wa televisheni hautaingia bila kiunganishi. Fungueni dirisha la amri, andikeni amri kama ilivyo hapa, herufi kwa herufi, kisha mbonyeze Enter. Neno "sudo" mwanzoni mwa amri ni kuomba ruhusa ya msimamizi.

Neno moja kwa walio na vitabu vya zamani. Vitabu hivyo husema mwingie kwa jina "pi" na neno la siri "raspberry". Tangu Aprili 2022 jina hilo haliwekwi tena lenyewe. Mnachagua jina na neno lenu la siri wakati wa kuandaa kadi. Mkikataliwa kuingia, pengine ni hilo tu.

1. STIMA

Raspberry Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Chaja nyingi za simu hutoa ampea 1 au 2. Kompyuta itawaka, ndiyo, lakini ikianza kazi nzito itayumba, itajizima, au itaharibu maandishi katika kadi. Raspberry Pi 5 inataka zaidi: volti 5 na ampea 5.

Ikiwa televisheni imeunganishwa, alama ya radi pembeni mwa skrini ni onyo kwamba volti zimeshuka. Mnaweza pia kuuliza:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa "throttled=0x0", hakuna shida tangu iwashwe. Likiwa "0x50000", volti zilishuka wakati fulani uliopita. Likiwa "0x50005", zimeshuka hata sasa hivi. Badilisheni chaja na waya. Waya mwembamba na mrefu hupoteza volti njiani, hata chaja ikiwa nzuri.

Wanaotumia sola: betri ya volti 12 isiunganishwe moja kwa moja na kompyuta hii hata siku moja. Itaungua. Tumieni kifaa cha kupunguza volti kinachotoa volti 5 na ampea 3 au zaidi.

Tena, kuchomoa waya si kuzima. Andikeni:

sudo poweroff

Ngojeni taa ya kijani iache kumetameta, ndipo mchomoe. Kadi inayokatiwa stima ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuharibika. Mahali ambapo stima hupotea mara kwa mara, betri ya akiba ni muhimu kuliko kompyuta ya bei kubwa.

2. KADI

Ikiwa taa nyekundu inawaka lakini ile ya kijani haimetameti kabisa, au inamulika kwa mpango ule ule tena na tena, huenda kompyuta haijaweza kusoma kadi. Zimeni, toeni kadi, irudisheni vizuri, mjaribu tena.

Ikiwa inawaka vizuri, ulizeni kama kuna nafasi:

df -h

Tazameni mstari unaoishia kwa alama ya mkwaju peke yake, yaani "/". Asilimia ikiwa 100, kadi imejaa, na MariaDB hawezi kufanya kazi katika ghala lisilo na nafasi. Kujua ni nini kimejaza, andikeni:

sudo du -sh /home/* /var/*

Hamisheni video na picha zisizohusika ziende kwenye flashi. Amri ifuatayo nayo huondoa mabaki ya programu zilizokwisha kuwekwa, bila kugusa maandishi yenu:

sudo apt clean

Onyo kubwa: msiguse kitu chochote ndani ya /var/lib/mysql. Kutakuwa na faili kubwa humo, na mtu anaweza kudhani ni takataka. Hilo ndilo ghala lenyewe.

Mkiona maneno "Read-only file system", kompyuta imekataa kuandika katika kadi. Mara nyingi hiyo ni dalili ya kadi inayougua. Nakilini maandishi yenu mapema kwenye flashi, halafu mtafute kadi mpya. Kadi huchakaa kama tairi.

3. MTANDAO NA SAA

Ikiwa kompyuta ni nzima lakini simu haifungui ukurasa, ulizeni kompyuta inaitwaje katika mtandao:

hostname -I

Hiyo herufi ya mwisho ni I kubwa. Jibu litakuwa nambari kama 192.168.1.50. Katika simu andikeni http://192.168.1.50, pamoja na hilo "http://" la mwanzo. Simu nyingine hujaribu "https" zenyewe, na kompyuta yenu haijaandaliwa kwa hilo.

Hakikisheni simu iko katika waifai ile ile. Simu nyingi zikigundua kwamba waifai haina intaneti, huihama kimyakimya na kurudi kwenye data. Mwanachama anasema, "Ukurasa umekufa," kumbe simu yake ndiyo imehama. Zimeni data, au mkubali simu inapouliza kama ibaki katika waifai hiyo.

Kuna shida nyingine inayosumbua sana. Jana ukurasa ulifunguka, leo unafunguka bila rangi wala mpangilio, au simu inapelekwa kwenye nambari ya zamani. Sababu ni kwamba rauta imeipa kompyuta nambari mpya, lakini WordPress bado inakumbuka ile ya kwanza, kwani iliiandika katika hifadhidata siku ya kuwekwa. Dawa ni mbili, na zote mbili zafaa. Ingieni katika rauta na muihifadhie kompyuta nambari moja ya kudumu. Kisha fungueni faili ya wp-config.php na muandike mistari hii juu ya ule unaosema "That's all, stop editing!":

define('WP_HOME', 'http://192.168.1.50');
define('WP_SITEURL', 'http://192.168.1.50');

Wekeni nambari yenu badala ya hiyo.

Jambo la saa nalo lisisahauliwe. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, haijui muda unapita. Ikiwa na intaneti hujirekebisha, lakini bila intaneti itaendelea na saa ya zamani. Hapo habari zitaonyesha tarehe isiyo sahihi, na siku mtakapounganisha intaneti inaweza kukataa kupakua programu, ikidai kwamba vyeti vya tovuti bado havijaanza kutumika. Andikeni "date" mwone. Ikiwa si sahihi, irekebisheni kwa mfano huu, mkiweka tarehe na saa ya wakati huo:

sudo date -s "2026-03-14 10:30"

Kuna kifaa kidogo cha saa chenye betri ya mviringo, kiitwacho DS3231, kinachoweza kuunganishwa kwenye bodi. Raspberry Pi 5 ina saa ndani yake, ila lazima inunuliwe betri.

4. APACHE NA PHP

Ulizeni kama mtu wa mapokezi yupo kazini:

sudo systemctl status apache2

Mkiona "active (running)", yupo. Kama hayupo, mwamsheni:

sudo systemctl start apache2

Ikiwa mnaona ukurasa wenye kichwa "Apache2 Debian Default Page", msivunjike moyo. Hiyo ni habari njema: Apache ni mzima. Anaonyesha ukurasa wake wa kukaribisha badala ya wa kwenu. Upeni jina jingine:

sudo mv /var/www/html/index.html /var/www/html/index.html.zamani

Ikiwa mnaona maandishi ya programu yanayoanza na "<?php", au simu inataka kupakua faili badala ya kuonyesha ukurasa, mpishi hayupo. Ikiwa mnaambiwa kwamba PHP imekosa kile kiungo cha MySQL, mpishi yupo lakini hana ufunguo wa ghala. Amri hii, ikiwa na intaneti, huleta vyote:

sudo apt install php libapache2-mod-php php-mysql

Kisha:

sudo systemctl restart apache2

5. MARIADB, MTUNZA GHALA

Sasa tumefika kwenye ule mstari ulionitia aibu. Maneno "Error establishing a database connection" yana sababu mbili kubwa.

Ya kwanza: MariaDB amelala. Ulizeni:

sudo systemctl status mariadb

Kama hafanyi kazi, rudini hatua ya 2 mtazame nafasi katika kadi. Mkishapata nafasi, mwamsheni kwa "sudo systemctl start mariadb".

Ya pili: MariaDB yuko macho, lakini WordPress imekuja na jina au neno la siri lisilo sahihi. Hayo yameandikwa katika wp-config.php, kwenye mistari ya DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST. Tuseme hifadhidata yenu inaitwa "habari" na mtumiaji wake ni "mwandishi". Jaribuni kuingia wenyewe kwa jina hilo:

mariadb -u mwandishi -p habari

Mkiulizwa neno la siri, andikeni lile lile lililo katika wp-config.php. Mkikubaliwa, majina ni sawa na shida iko kwingine. Mkikataliwa, mmeipata.

Wengi wanaoweka programu hii mara ya kwanza hukwama hapa kwa sababu wanaandika "root" kama jina la mtumiaji. Katika mfumo huu, root huruhusiwa kuingia kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, wala si kwa neno la siri, kwa hiyo WordPress itakataliwa kila mara. Tengenezeni mtumiaji wake. Ingieni kwa "sudo mariadb", kisha muandike:

CREATE DATABASE habari;
CREATE USER 'mwandishi'@'localhost' IDENTIFIED BY 'neno-lenu-la-siri';
GRANT ALL PRIVILEGES ON habari.* TO 'mwandishi'@'localhost';

Kila mstari umalizwe kwa nukta mkato. Angalieni pia alama za kunukuu. Mtu akinakili mistari hii kupitia ujumbe wa simu, huenda alama zilizonyooka zikageuzwa kuwa zilizopinda, na kompyuta haizitambui. Macho yanaweza kupita hapo mara kumi bila kuona kosa.

6. WORDPRESS YENYEWE

Mkifika hapa, vya chini vyote ni vizima. Shida zilizobaki ni chache.

Ukurasa wa kwanza unafunguka, lakini kila habari mkiibonyeza mnaambiwa haipatikani. Apache hajaruhusiwa kusoma anwani ndefu za WordPress. Andikeni "sudo a2enmod rewrite". Kisha fungueni faili ya /etc/apache2/apache2.conf, mtafute sehemu ya /var/www/, na mahali palipoandikwa "AllowOverride None" muweke "AllowOverride All". Washeni Apache upya.

Mkitaka kuongeza picha inakataa, au inadai jina na neno la siri la FTP. Mara nyingi ni kwa sababu faili zina mwenyewe mwingine. Apache hufanya kazi kwa jina la www-data, basi mpeni umiliki:

sudo chown -R www-data:www-data /var/www/html

Picha kubwa inakataliwa. PHP kwa kawaida hukubali faili isiyozidi megabaiti 2, na picha za simu za siku hizi hupita hapo. Punguzeni ukubwa wa picha kabla ya kuituma. Hilo pia linaokoa nafasi katika kadi.

Mnaona "There has been a critical error on this website", au ukurasa mweupe. Mara nyingi ni kiongezi, yaani kipande cha programu mlichoongeza. Kipeni likizo chote kwa pamoja:

sudo mv /var/www/html/wp-content/plugins /var/www/html/wp-content/plugins.zamani

Ukurasa ukirudi, mwizi yumo humo. Ingieni kama msimamizi, fungueni orodha ya viongezi ili WordPress ivizime, rudisheni jina la folda, kisha muwashe kimoja kimoja mpaka mumwone.

Na mkikwama kabisa, someni daftari la malalamiko la Apache. Mistari ya mwisho hutaja jina la faili yenye kosa:

sudo tail -n 20 /var/log/apache2/error.log

Mkimwita fundi kutoka mjini, mwonyesheni mistari hiyo. Itamwokolea muda, nanyi itawaokolea fedha.

NAKALA YA AKIBA

Hili ndilo ningelifanya kabla ya Jumamosi ile. Amri mbili tu:

sudo mariadb-dump habari > habari.sql
sudo tar czf picha.tar.gz /var/www/html/wp-content /var/www/html/wp-config.php

Ya kwanza inachukua maandishi, ya pili inachukua picha na mipangilio. Ukiwa na moja bila nyingine, una nusu ya nyumba. Nakilini faili hizo mbili kwenye flashi, na flashi isikae chumba kimoja na kompyuta. Sisi sasa tunafanya hivyo kila baada ya mkutano, na katibu ndiye anayeondoka na flashi. Siku ya kurudisha maandishi, hifadhidata mpya ikishatengenezwa, amri ni:

sudo mariadb habari < habari.sql

Jaribuni kurudisha angalau mara moja, katika kadi nyingine, wakati kila kitu ni kizima. Nakala isiyojaribiwa ni kama jembe ulilonunua gizani.

SIRI ZA WANACHAMA

WordPress ikiwekwa, yule wa kwanza kufungua ukurasa wa maandalizi ndiye anayechagua jina na neno la siri la msimamizi. Kwa hiyo msianze kuiweka leo mkaiacha imalizike kesho, huku waifai iko wazi. Malizeni siku hiyo hiyo.

Msiweke katika ukurasa nambari za vitambulisho, nambari za simu, wala deni la mtu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, deni la jirani si habari ya kusomwa na kila mwenye simu. Na daftari la mweka hazina libaki la karatasi, lenye sahihi. Kompyuta ni ubao wa matangazo wa kikundi. Isifanywe sanduku la fedha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu anayejua neno la siri la kompyuta? Je, akihama, nani mwingine analijua?
2. Kompyuta ikiharibika usiku wa leo, ni habari gani tutakazokosa kabisa? Je, ziko pia kwenye karatasi?
3. Nakala yetu ya mwisho ilifanywa lini, na flashi iko kwa nani?
4. Chaja tunayotumia imeandikwa ampea ngapi? Mtu mmoja aisome sasa, kwa sauti.

Orodha yetu ya miche tuliiandika upya kwa kuulizana nyumba kwa nyumba. Ilichukua wiki mbili, na mpaka leo wako wawili wasiokubaliana nayo. Kompyuta yenu ikikataa, wekeni mikono chini kwanza. Anzeni na chaja.